Kuhamisha programu ya I2C kutoka Linux kwenda FreeBSD: anwani ndiyo iliyonitoa jasho

Mkuu, umeuliza kama ile programu yako ya C inayosoma saa ya DS3231 kwenye Raspberry Pi ni lazima uiandike upya ili ifanye kazi FreeBSD. Si lazima. I2C ni njia ya nyaya mbili ya kuongea na vifaa vidogo kama hiyo saa, na FreeBSD nao ni mfumo endeshi unaoijua. Nimeshahamisha moja ya aina hiyohiyo, na kilichonila siku tatu kilikuwa mstari mmoja.

Kama unatumia I2C_SLAVE halafu read na write, badilisha kwanza hukohuko Linux utumie I2C_RDWR, ambamo anwani ya kifaa inakwenda ndani ya kila ujumbe (i2c_msg), hakikisha saa bado inasomeka, ndipo uhame. Ukifika FreeBSD, <linux/i2c-dev.h> haipo, chukua <dev/iicbus/iic.h>. Hapo i2c_msg inakuwa iic_msg, I2C_RDWR inakuwa I2CRDWR, I2C_M_RD inakuwa IIC_M_RD, na addr inaitwa slave. Angalia kifaa chako kwa ls /dev/iic*. Usipoona kitu, jaribu kupakia dereva yake kwa kldload iic. Makefile ikigoma, tumia gmake, yaani make ya GNU.

Yangu ilikompaili bila onyo hata moja. Kuiendesha, kosa. Nikalaumu waya, nikachomelea pini upya, nikabadili hadi moduli. Baadaye nikapiga i2c -s, amri inayotafuta vifaa vilivyopo, nikaiona 68, anwani ya saa kwa heksadesimali, imekaa pale inanitazama, pamoja na 57 ya ile EEPROM (chipu ya kumbukumbu) ya kwenye moduli. Kumbe kifaa kizima, mimi ndiye nilikuwa nabisha hodi nyumba ya jirani! Linux inataka anwani ya biti 7 kama ilivyo, 0x68. Kwenye iic_msg, FreeBSD inaitaka imesogezwa kushoto biti moja, yaani 0xd0, kwa sababu biti ya mwisho ni nafasi ya kusoma au kuandika. Ukiacha 0x68, unaita 0x34, na huko hakuna mtu. Man iic imeeleza yote hayo. Mimi nilikuwa nimeiruka.

Hiyo << 1 iweke kwenye faili moja tu la FreeBSD. Mimi nilitapakaza #ifdef kila kona, mwenye mradi akanirudishia, na alikuwa na haki. Mara ya pili nilimpelekea faili moja jipya, akapokea. Sehemu ya kugeuza BCD (namna saa inavyohifadhi kila tarakimu peke yake kwa biti nne) usiiguse kabisa, haijui hata iko mfumo gani. Ukianza kuona dakika 89, ujue umeigusa.

Ikikubali kwa root tu, ni ruhusa za /dev/iic. Zirekebishe kwenye devfs.conf.