Ratiba imepita kwenye programu, mbona jioni tunachelewa?

Mkuu, umeuliza kwa nini programu ya kupanga ratiba ya ndege haioneshi kosa ilhali safari za jioni zinachelewa kila siku. Yenyewe inakagua tu kima cha chini cha muda wa ndege kukaa chini kati ya safari mbili. Ukiiambia ndege inahitaji dakika 35 kushusha, kujaza mafuta na kupakia, kisha ukapanga 35 kamili, itakubali bila kelele. Safari ya asubuhi ikichelewa dakika 20, zote za ndege hiyo zinarithi deni. Mimi ningeacha pengo moja la maana mchana, kuliko kunyunyiza dakika tano tano kila kituo. Hizo humezwa tu.

Muda wa kuruka nao upange kwa msimu, maana upepo hubadilika. Na saa zote weka UTC, yaani saa ya kimataifa isiyobadilika: nchi nyingi za Ulaya husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba.