Jibu: Kwa nini Chachi 420 inawarudisha wanandoa pamoja?
Salaam ndugu. Unauliza kwa nini filamu ya Kihindi Chachi 420 (1997) inawapatanisha mume na mke, ilhali ile ya Marekani, Mrs. Doubtfire (1993), inawaacha wametalikiana. Katika zote mbili, baba aliyeachana na mkewe anajigeuza yaya wa kike ili awe karibu na mtoto au watoto wake. Nilipozitazama kwa kufuatana, kilichonifumbua macho ni baba mkwe, nawe anza naye. Katika ile ya Marekani hana nafasi. Katika ya Kihindi, baba mkwe, anayeigizwa na Amrish Puri, ni tajiri anayemdharau mkwewe mcheza dansi, kisha anamtamani yaya, asijue kwamba ndani ya sari yumo mkwe yule yule. Ugomvi umekuwa wa ukoo mzima, na hakimu wa talaka peke yake hawezi kuumaliza. Hata jina lenyewe, chachi, ni mke wa baba mdogo: yaya ameshafanywa ndugu. Ukipata nafasi, tazama pia Avvai Shanmughi (1996), ya Kitamil, iliyotangulia.