Uyoga wangu umegeuka sponji, nimekosea wapi?

Maswali yenu ya jikoni, Shangazi anajibu. Safari hii mmenijazia uyoga, sijui kuna nini, labda kwa sababu siku hizi huku Tanga kila mtaa kuna mtu kaotesha uyoga chumba cha uani. Nimechagua manne.

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili nakaa Chumbageni. Kuna kaka analima uyoga mamama, ule wanaouita oyster, siku hiyo alivuna mwingi mno akawa anauza bei ya kutupa, nami tamaa ikanishika nikanunua kilo 3 nikasema naweka friza tutakula mpaka Ramadhani. Nikauloweka kwenye beseni nikauosha ukatakata, nikafungasha, nikagandisha. Juzi natoa pakiti moja niupike wa nazi, ulivyoyeyuka umekuwa mweusi, unateleza, ukiukamua unatoa maji kama sponji ya kuoshea vyombo. Baba watoto kaniuliza hii ni mboga au nini. Nimekosea wapi, na pakiti zilizobaki nitupe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usitupe! Hizo zilizobaki kama hazijawahi kuyeyuka hazijaharibika, zimepoteza sura tu, na sura ya uyoga ndani ya mchuzi nani anaitazama. Ila usiyeyushe tena mezani. Mchuzi ukishachemka tumbukiza huo uyoga na barafu lake hivyo hivyo, au usage uwe supu nzito, hapo baba watoto hatauliza kitu.

Sasa kosa. Uyoga wenyewe karibu asilimia 90 ni maji, halafu wewe umeuloweka kwenye beseni ukanywa mengine. Maji yakiganda yanatanuka, na friza zetu za nyumbani zinagandisha polepole, kwa hiyo zinatoka chembe kubwa kubwa za barafu zinazochana uyoga ndani kwa ndani, ukija kuuyeyusha hakuna tena cha kushikilia yale maji, yanamwagika. Ule weusi nao ni habari nyingine, ndani ya uyoga kuna vimeng'enya, baridi inavipunguza kasi tu haiviui, vinaendelea na kazi yao taratibu humo humo ndani ya friza. Kinachoviua ni moto. Kwa hiyo uyoga unapita motoni kwanza ndo unaenda kwenye baridi, wengi tunafanya kinyume.

Wenye vitabu watakwambia upitishe kwenye mvuke, na ni kweli inafanya kazi. Unachanganya kijiko cha chai cha maji ya ndimu kwenye nusu lita ya maji, unaulaza humo dakika 5 usiwe mweusi, halafu unauweka kwenye chujio la chuma juu ya sufuria inayochemka, ufunike, vipande dakika 3, mzima dakika 5, ukitoka hapo kwenye maji ya barafu moja kwa moja, uchuje. Hizo dakika zimepigiwa hesabu ule uyoga mweupe wa mviringo wa supamaketi. Mamama ni mwembamba na ukishapita kwenye maji hayo yote unalegea, mimi siupendi hivyo.

Mimi nakaanga. Usiuloweke, ufute kwa kitambaa kibichi au uupitishe bombani haraka na uukaushe, kata kile kitako kigumu, uchane kwa mkono kufuata mistari yake. Frampeni pana, mafuta kijiko kimoja, moto mkali, usiujaze, fanya mafungu mawili matatu. Usiweke chumvi mapema. Utaona unaanza kulia, maji yanajaa frampeni mpaka unajuta unafikiri umeharibu, wewe uache tu ugeuze geuze. Sikiliza. Mwanzo ni sauti ya kuchemka, blu blu blu, halafu maji yanaisha na sauti inageuka inakuwa ya kukaanga, chaaa, na vile vikingo vyake vinaanza kuwa vya kahawia. Hapo hapo zima. Kilo nzima itakuwa imekaa kwenye bakuli moja, usishtuke ukafikiri umeibiwa, ni maji yameondoka.

Utandaze kwenye sinia upoe kabisa, ukifungasha wa moto unatengeneza mvuke, mvuke unakuwa barafu, umerudi ulikotoka. Funga kipimo cha chungu kimoja kwa kila pakiti, usifunge donge la kilo maana hutaweza kulivunja bila nyundo. Rambo, ile mifuko ya plastiki, tulishaziaga tangu ilipopigwa marufuku Juni 2019, tumia kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana au yale makopo ya aiskrimu, ujaze libakie nafasi ndogo tu ya hewa, andika tarehe. Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Halafu chonde chonde, uweke mbali na samaki. Mimi mwaka fulani niliweka kopo lisilobana chini ya vibua, wageni wakala pilau ya uyoga wakanisifia eti samaki gani huyu hana miba.

SWALI: Dada, mi niko Mikanjuni. Umeme ulikatika asubuhi ukarudi kesho yake mchana, kwenye friza nilikuwa na uyoga uliokaangwa na vitu vingine. Nigandishe tena au ndo basi?

JIBU: Inategemea ulifungua mara ngapi, maana najua umeme ukikatika kila mtu nyumbani anafungua friza kuangalia kama umeme umekatika. Friza iliyojaa na haijafunguliwa inashikilia baridi kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24. Ukiushika ukakuta bado una barafu ndani yake, rudisha, utapungua utamu kidogo lakini ni salama, au bora upike leo leo. Ukikuta umeyeyuka wote na umekuwa wa vuguvugu na hujui tangu saa ngapi, mwaga kaka, hata kama haunuki, harufu haikwambii kila kitu. Nafasi tupu za friza zijaze chupa za maji, zikiganda zinakusaidia siku kama hizo.

SWALI: Shangazi habari. Mama mkwe wangu yuko kijijini Muheza, mvua zikianza anaokota uyoga porini anatuletea ndoo nzima. Jirani yangu hapa Makorora anasema uyoga wenye sumu ukiugandisha wiki mbili au ukiuchemsha na kitunguu, sumu inatoka. Kweli?

JIBU: Si kweli, na nakuomba usijaribu hayo ya jirani. Sumu ya ile jamii mbaya zaidi ya uyoga haiogopi baridi wala moto, ukigandisha utatoa uyoga wa sumu ulioganda. Na wale wanaopima sumu kwa kuchemsha uyoga na kitunguu, kisipobadilika rangi hakikwambii chochote, kijiko cha fedha vile vile, na konokono kuula haina maana kwamba na wewe utapona. Ubaya wake zaidi ni kwamba haukuumizi pale pale, zinaweza kupita saa 6 mpaka hata 24 ndipo tumbo na kutapika vinaanza, halafu mtu anapata nafuu kidogo anafikiri yamekwisha kumbe ini linaharibika. Ukiona dalili hizo baada ya kula uyoga kimbia hospitali na ubebe mabaki.

Mama mkwe kama anaujua uyoga wake wa kichuguu tangu utoto, sawa, heshima yake. Ila aulete yeye aliyeuchuma kwa mkono wake, si wa kununua njiani kwa mtoto, na ukifika usikae ndani ya ndoo iliyofunikwa mpaka kesho, unachacha upesi. Siku hiyo hiyo frampeni.

SWALI: Mimi sina friza, nina friji dogo tu, nipo Sahare. Naweza kukausha?

JIBU: Unaweza, shida Sahare uko na bahari mlangoni, hewa yenyewe mbichi. Chana vipande vyembamba, anika juani kuanzia saa nne ukitandaza chandarua kuzuia nzi, saa kumi uingize ndani kabla unyevu haujashuka, kesho urudie. Kilo 10 mbichi zinatoa kama kilo moja kavu. Ukikunja ukipinda bado, ukivunjika kach! tayari. Weka kwenye chupa kavu yenye mfuniko wa kubana na wiki ya kwanza uichungulie kila siku, ukiona kioo kimetoa jasho kwa ndani toa uanike tena. Masika usijaribu kabisa, utaotesha kuvu juu ya uyoga.

Mbichi wa kula wiki hii uweke friji kwenye mfuko wa kaki, nailoni inautoa jasho. Siku nne tano hivi. Na ule wa kuloweka kwenye mafuta na vitunguu saumu, mnaouona mitandaoni, usiuache kabatini kwenye joto hili, mafuta yanafungia hewa nje na kuna bakteria wa sumu kali wanaopenda hivyo hivyo.