Kisamvu cha Desemba: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti tumeusikiliza mimi na mama yako, tukaurudia tena maana mara ya kwanza sauti ya mjukuu wetu ilikuwa kubwa kuliko yako. Huku Lindi hatujambo. Joto limekaza, mabibo yanadondoka, na nzi ndio wenye mji.

Umeuliza mambo mawili. La kwanza, unataka vipimo vya kisamvu cha bibi yako, vikombe vingapi na dakika ngapi, kwa sababu huko Dodoma umekipika na hakitoki kama chake. La pili, mama mkwe wako alikukuta unachemsha kisamvu na kumwaga maji, akasema unamwaga virutubisho vyote. Unataka kujua bibi alimwaga kwa sababu gani, au yalikuwa mazoea tu. Hilo la pili ndilo zito, lakini nianze na la kwanza, maana ndilo lililoniletea kelele.

Nilimpigia shangazi yako wa Mtwara nikidhani yeye ameshika zaidi. Nikajitafutia ugomvi. Anaapa kwamba marehemu mama alikuwa anaunga kisamvu kwa karanga, na kwamba korosho ni mambo ya mahotelini. Mimi nakumbuka korosho, nakumbuka mpaka jiwe la kubangulia. Tumebishana hadi salio lake likaisha, na nina hakika anaamini nimemkatia simu.

Nilipotulia nikaona hakuna mwongo. Shangazi yako, baada ya kuolewa, alikuwa akija nyumbani mwezi wa sita, karanga zikiwa zimeshavunwa na magunia yamesimama ukumbini. Ninyi tulikuwa tunawaleta likizo ya Desemba. Korosho huku zinaanza kuokotwa Oktoba, na Desemba bado zipo. Tena mvua za Kusini ndio zinaanza, mihogo inachipua majani machanga, laini, yasiyo na nyuzi. Embe nazo zipo, na mtoto mwenye embe mkononi kila chakula kwake kitamu. Ungekuja Machi usingetuuliza vipimo. Machi hakukuwa na karanga wala korosho, kisamvu kiliungwa kwa nazi peke yake, na nazi ikiadimika kiliungwa kwa chumvi tukala kimya.

Kwa hiyo unachokikumbuka ni kisamvu cha Desemba, na ukikipika Dodoma mwezi wa nane kwa majani yaliyokomaa, usijilaumu.

Na hizo korosho zenyewe usidhani zilikuwa zile nyeupe nzima unazoziona madukani. Korosho nzuri hazikuwa chakula chetu, zilikuwa ada yangu ya shule, zilikuwa bati la nyumba. Siku hizi zinapelekwa chama cha msingi cha ushirika na kuuzwa kwa mnada wa stakabadhi ghalani, yaani mkulima anapewa risiti na mzigo unakaa ghalani mpaka uuzwe, utaratibu ulioanzia hapo Mtwara mwaka 2007, lakini zamani na sasa sheria ya nyumbani ni ile ile: nzuri inakwenda kupimwa kwenye mizani, jikoni inabaki iliyosinyaa. Bibi yako alizikusanya hizo mbovumbovu kwenye kapu lake, na siku moja moja alizichoma.

Kazi hiyo ulikuwa unafukuzwa usiione, basi nikusimulie. Alikuwa na debe lililokatwa ubavu na kutobolewa matundu kwa msumari. Analiweka juu ya mafiga, anamimina korosho na maganda yake, anazigeuza kwa fimbo ndefu huku amekaa upande upepo unakotokea. Ganda la korosho lina mafuta makali. Yakipata moto yanachuruzika kwenye matundu, yanawaka, na debe zima linalipuka ndimi za moto. Moshi wake ukikupata machoni utalia hadi jioni. Zikishaiva analipindua debe, anamwagia mchanga moto ufe. Kisha anapaka majivu mikononi, anakaa na jiwe, anabangua moja moja kwa kuigonga kiubavu ili kiini kisivunjike, ingawa kwa kisamvu chake kuvunjika hakukuwa na hasara. Pamoja na majivu yote hayo ngozi ya vidole ilibabuka. Tulipomzika, vidole viwili vya mkono wa kulia bado vilikuwa na weusi wa korosho.

Wewe usichome. Nunua vipande vilivyobanguliwa, bei yake nafuu, na kwenye chungu havijulikani tofauti. Vikaange kidogo bila mafuta, visibadilike rangi sana, uvitwange mpaka vianze kutoa mafuta.

Upishi wenyewe basi. Chuma majani machanga ya juu tu, ondoa vijiti. Twanga kwenye kinu na chumvi kidogo mpaka yawe laini kabisa. Kama kinu hakuna, yale yaliyosagwa kwa mashine sokoni yanafaa, ila mengi yamesagwa kwa haraka. Yapitishe tena kwenye brenda. Yatandaze kidogo kwenye ungo, kisha chemsha kwa maji mengi, sufuria wazi, yakishachemka vizuri umwage, uweke maji mengine uendelee mpaka kisamvu kiwe laini na harufu ya ubichi imekwisha. Hapo ndipo unaweka kitunguu na tui jepesi, acha linywewe polepole. Mwisho unaweka korosho zilizotwangwa na tui zito, unapunguza moto, unakoroga bila kuacha. Tui zito likichemka kwa nguvu litakatika. Mama alitia na pilipili moja nzima isiyopasuliwa, akaitoa kabla ya kupakua na kumpa baba yangu kwenye kisosi.

Nazi za huko kwenu zimesafiri, zinakuwa kavu mno. Tumia mbili pale yeye alipotumia moja. Kuhusu chumvi sikupi kijiko. Ya kwetu ilikuwa ya mawe kutoka mashamba ya chumvi ya pwani hii, konzi yake si sawa na konzi ya chumvi laini ya pakiti. Onja. Na magadi, ambayo shangazi yako anayatetea ati yanalainisha haraka, mama hakuyataka kabisa jikoni kwake. Hapo siafikiani na shangazi hata akinunua salio la mwezi mzima.

Sasa la pili.

Karibu kila kitu katika mapishi ya bibi yako kilibadilika na majira, kama ulivyoona. Kitu kimoja hakikubadilika: namna alivyoshughulika na muhogo. Majani lazima yatwangwe mpaka mwisho. Yakishatwangwa lazima yatandazwe kwenye ungo kidogo kabla ya kuingia chunguni. Chungu cha kisamvu hakifunikwi. Maji ya kwanza yanamwagwa mbali, kuku wasiyanywe. Tulidhani ni miiko.

Yeye alizaliwa juu huko Newala, kwenye uwanda wa Wamakonde, ambako maji yalikuwa taabu na muhogo ndio uliowalisha watu. Na muhogo mwingi ulikuwa mchungu. Watu waliupanda kwa makusudi, kwa sababu nguruwe pori na nyani wanauogopa, na mwizi hawezi kung'oa akautafuna njiani. Uchungu huo unaambatana na sumu. Ndani ya muhogo, mzizi na majani, kuna kitu kinaitwa linamarini. Kikiwa kimya hakina neno. Ukiuponda muhogo, kinakutana na kimeng'enya chake, yaani kile kinachokivunjavunja, na kutoa sianidi, na sianidi ni nyepesi, inaruka na hewa na kuondoka na mvuke. Kwa hiyo kutwanga ndiko kunakoifungua sumu, kutandaza na kuchemsha wazi ndiko kunakoitoa. Ukifunika sufuria unairudisha ndani. Bibi yako hakulijua neno sianidi, lakini hakuna hata hatua moja aliyoikosa.

Mwambie mama mkwe wako kwa adabu, tena usimwambie mbele za watu, kwamba hajasema uongo: maji yale yanaondoka na vitamini C kwa wingi, na kisamvu kilichotwangwa hasa na kuchemshwa muda mrefu kimeshapoteza sumu nyingi hata usipomwaga. Lakini majani unayonunua wewe hujui ni ya muhogo gani wala mashine ilisaga vipi. Mwaga maji ya kwanza. Vitamini C mpe mtoto kwenye chungwa. Protini ya majani inabaki chunguni.

Kwenye mizizi ndiko alikokuwa mkali zaidi. Nilipoanza kazi Dar es Salaam alikuwa ananitumia kiroba cha makopa, yaani mihogo iliyokatwa na kukaushwa. Wakati huo Daraja la Mkapa halijajengwa, magari yalivuka Rufiji kwa pantoni, na mvua zikikolea barabara ya Kusini ilikuwa tope tupu. Mzigo ungeweza kulala njiani wiki nzima. Kisamvu kibichi kisingefika. Makopa yalifika, makavu yanagongana kama vigae, na ndani yake karatasi aliyomwandikisha mtoto wa jirani. Salamu zilijaza ukurasa, maelekezo yalikuwa mistari michache: nisage nikishayaanika tena juani, nisile ugali wake kwa chumvi tupu, nitafute samaki au mbaazi, na kama mwaka ni wa ukame nichanganye na unga mwingine.

Nilicheka nikadhani ananidekeza. Miaka baadaye, 2002 na 2003, ukame ulipoibana Mtwara, watu zaidi ya 200 wa vijiji vya huko walipata konzo. Ni ugonjwa wa kupooza miguu, unakuja ghafla na hauponi, na wanaoupata zaidi ni watoto na kina mama vijana. Ukame unaongeza sumu kwenye muhogo, njaa inawafanya watu wafupishe maandalizi, na mboga inakuwa hakuna. Mwili unaiondoa sianidi kwa msaada wa protini. Anayekula ugali wa muhogo mchungu kila siku bila samaki wala kunde hana cha kuiondolea. Soma tena ile mistari ya bibi yako: samaki, mbaazi, mwaka wa ukame. Alikuwa ameona watoto wa Newala waliotembea kwa magongo, ila hakupenda kuwazungumzia.

Kuna jambo moja yeye hakulijua, nami nalifanya, nawe ulifanye ukinunua unga wa muhogo usioujua ulikotoka. Changanya unga na maji uwe mzito, utandaze tabaka jembamba kwenye sinia, uuache kwa muda wa saa 2 juani au wa saa 5 kivulini, kisha usonge ugali siku hiyo hiyo. Sumu iliyobaki inaruka hewani. Njia hii aliibuni mwanasayansi wa Australia, Howard Bradbury, na huku kwetu ilifundishwa vijijini baada ya yale ya konzo. Mama angeikubali, isipokuwa angesema saa 2 ni chache, aiache mpaka alasiri.

Basi hiyo ndiyo sehemu ya kuifuata bila kukosa. Hayo mengine, korosho au karanga, nazi moja au mbili, kitunguu kabla au baada, fanya utakavyo. Ukipenda weka nyanya. Mimi sitakuja kula siku hiyo, lakini weka.

Unasema mjukuu anakataa kisamvu. Hata wewe ulikikataa mpaka ulipofika darasa la pili. Ulikuwa unataka ming'oko tu, ile mizizi ya porini, unaimenya na kuichovya kwenye chumvi na pilipili mpaka midomo inavimba. Ming'oko msimu wake umepita, itabidi asubiri kiangazi.

Nakutumia vipande vya korosho kilo mbili na nazi nane kwa basi la Jumatano la kwenda Dar. Huko binamu yako atauhamishia mzigo kwenye basi la Dodoma. Jina niliandike lako au la mkwe? Mara ya mwisho kijana wa stendi alidai kitambulisho. Mama yako anaongeza bamia zilizokaushwa, na anauliza kama lile friji limeshapata fundi, maana kama bado, hizo korosho zitumie mapema zisije zikachacha.

Baba yako