Video waliipenda, mahindi yakaota ukungu

SWALI: Sisi ni kikundi cha akina mama 26 wa Mwakirunge, Kisauni. Tuliazima projekta tukatazama video ya kuhifadhi mahindi kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Kila mtu aliipenda. Wanne waliojaribu wamefungua mifuko wakakuta ukungu, na waliobaki hawajagusa kitu. Tumekosea wapi?
Katibu wa kikundi

JIBU: Dada katibu, mahindi yaliingia mabichi. Mfuko huua dumuzi na fukusi kwa kuwanyima hewa, lakini haukaushi punje hata moja. Unyevu usizidi asilimia 13.5 wakati wa kufunga. Yenye ukungu msiyapike wala msiwape kuku. Sumu ya kuvu haitoki kwa kuchemsha.

Kwa kupima, tafuteni chupa ya kioo kavu yenye kifuniko. Kaangeni chumvi kwenye sufuria kavu mpaka iache kugandana, kisha ipoe ikiwa imefunikwa. Msiruke hatua hii, maana chumvi ya kwetu pwani hunyonya unyevu wa hewani na itanata hata mahindi yakiwa makavu. Tieni mahindi theluthi ya chupa na vijiko viwili au vitatu vya chumvi, tikiseni dakika mbili tatu, kisha iacheni itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, anikeni tena. Isiponata, unyevu uko kama asilimia 15 au chini yake, kwa hiyo ongezeni siku moja au mbili za jua kali juu ya turubai, mkiyaingiza ndani kabla umande haujashuka. Yafungwe yakiwa yamepoa, na kila nailoni iliyo ndani ya mfuko ifungwe peke yake baada ya kukamua hewa.

Sasa video yenyewe. Nadhani mliitazama mwanzo hadi mwisho, mkapiga makofi, mkaenda kupika. Jicho limeona, mkono haujafanya. Gawanyeni kikundi mara mbili, watu 13 kila kimoja. Kaeni baada ya alasiri kwenye chumba kilichozibwa madirisha kwa leso, kwani mwanga wa jua hufifisha picha ya projekta ndogo. Simamisheni video kila baada ya hatua. Mmoja aeleze kwa Kigiriama kwa wanaohitaji, halafu chupa, chumvi na mahindi ya mwanakikundi vipite mikononi, kila mama atikise mwenyewe. Video ya dakika kumi itachukua saa nzima, na ndivyo inavyotakiwa.

Wale wasiojaribu waulizeni kwa upole ni nani nyumbani hutoa pesa ya mfuko. Ikiwa ni mume, naye aone. Igeuzeni video iwe 3GP, aina ya faili nyepesi ya video, muiweke kwenye kadi ya memori, maana baadhi ya kabambe, simu ndogo za vibonye, hazifungui MP4 ya kawaida.

Mradi wa video za kilimo wa Digital Green, ulioanzia Microsoft Research nchini India mwaka 2006, ulitumia wakulima wa vijiji vyenyewe kwenye video, na watazamaji walitaka kwanza kujua aliye kwenye picha ni wa kijiji gani. Kwa hiyo msimu ujao pigeni yenu ya dakika mbili: simu ishikwe kwa upana, iwe karibu na mikono kuliko uso, mgongo wa mpigaji uelekee jua, na msemaji awe mama wa hapo Mwakirunge akitikisa chupa yake.