Draivu ya DVD inachelewa: niache IDE nihamie SATA?

SWALI: Shikamoo fundi. Napiga video za harusi hapa Tanga. Kompyuta yangu ni ya mezani, ya zamani, ina Windows XP, na wazee bado wanataka harusi za watoto wao kwenye DVD. Mwanzoni DVD moja nilikuwa naichoma dakika nane hivi. Siku hizi inafika nusu saa, na ikiwa inachoma hata kipanya kinagandaganda. Kijana wa dukani kaniambia draivu yangu ni ya IDE, niweke ya SATA, itakimbia mara nne. Ninunue? – Mpiga video, Tanga

JIBU: Marahaba. Hela yako iache mfukoni kwanza.

IDE na SATA ni aina mbili za waya wa kuunganisha draivu na mazabodi (ule ubao mkuu wa kompyuta), na kuhusu waya kijana kasema kweli. SATA ile ya mwanzo ya 2003 inapitisha megabaiti 150 kwa sekunde. IDE ya draivu kama yako 33 au 66. Lakini DVD yenyewe, hata ikizungushwa kwa 16x (mara 16 ya kasi ya kawaida), inatoa megabaiti 22 tu. Hata hiyo 33 haiijazi. Unampanulia barabara mtu wa baiskeli.

Halafu wewe mwenyewe umeshanipa jibu: mwanzoni ilikuwa dakika nane. Draivu ni ileile, waya uleule. Basi kuna kilichoharibika, na hicho kipanya kinachoganda kinanipa mashaka na XP. XP ikikutana na makosa ya kupitisha data mara sita, inaanza kuishusha draivu ngazi kwa ngazi kutoka DMA (draivu inapeleka data kwenye kumbukumbu bila kuisumbua prosesa) hadi PIO, na haiipandishi tena hata ukizima na kuwasha. Kwenye PIO prosesa ndiyo inayobeba data yote mgongoni, kwa hiyo kila kitu kinakwama.

Fungua Device Manager, bofya mara mbili "Secondary IDE Channel" (mara nyingi draivu ya DVD iko hapo), kisha "Advanced Settings". Ukiona PIO, ifute hiyo chaneli kwa "Uninstall" na uwashe upya. XP itaitafuta yenyewe na kuanza na DMA.

Ikirudi PIO baada ya wiki, kagua ule waya bapa wa kijivu. Mashine moja niliyoletewa ilikuwa hivyohivyo. Kufungua kasha, nikakuta waya umebanwa na kifuniko, umekunjika kama ukili. Nilibadilisha waya, basi, sikugusa kingine. Ukinunua mwingine chukua wenye nyuzi 80, zile nyembambanyembamba, na kichwa cha bluu kiende kwenye mazabodi. DVD tupu za bei ya chee nazo huleta makosa, jaribu aina nyingine kabla hujailaumu draivu.

Vikishindikana vyote, lenzi imechoka. Hapo sawa, nunua SATA, lakini usiinunue kwa ajili ya kasi. Inunue kwa sababu IDE utakayopata sasa imetolewa kwenye mashine iliyokufa na imechoka kama yako, na SATA utahama nayo ukibadilisha kompyuta. Kabla ya kulipa fungua kasha: je, mazabodi ina tundu la SATA lililo wazi, lile dogo lenye umbo la L? Je, pawasaplai ina kile kichwa cheusi bapa cha kuipa umeme? Na kwenye BIOS (mipangilio inayofunguliwa kompyuta inapowaka) usiguse kubadilisha IDE kuwa AHCI, namna nyingine ya kuendesha SATA. XP yako itakuletea skrini ya bluu, na mimi sitakuwepo.

Tundu likikosekana, usihangaike na kadi za kuongeza. Chukua draivu ya nje ya USB, mradi kompyuta yako iwe na USB 2.0, maana ile 1.1 haifiki popote. Nyingi kati ya hizo zinachoma kwa 8x, yaani dakika zako nane zilezile.