Swali Dadisi Darasani: Ushauri kwa Mwalimu Anayeanza Kazi Lamu

Mwalimu anayeripoti kazini Lamu kwa mara ya kwanza, hasa yule aliyetoka bara, huja na andalio la somo lenye nafasi ya swali dadisi, yaani swali la kumfanya mwanafunzi achunguze, kwa kuwa mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini Kenya kote katika madarasa ya chini mwaka 2019, unataka kila mada ndogo iongozwe na swali la namna hiyo. Kuijaza nafasi hiyo hakuna taabu. Taabu iko katika kinachofuata: swali husomwa, wanafunzi wawili watatu huinua mikono, mwalimu hulijibu mwenyewe kabla ya dakika mbili kwisha, kisha darasa zima hugeukia kunakili maelezo ya ubaoni. Haya ninayoyaandika yanahusu namna ya kulifanya swali hilo lifanye kazi iliyokusudiwa, na yametokana na kufundisha sayansi katika shule za msingi za kisiwani humu.

Kwanza kabisa ni kulichagua swali lenyewe. Kumuuliza mtoto kwa nini maji ni muhimu kwa binadamu hakumfanyi achunguze lolote, maana jibu analo tangu nyumbani na hana namna ya kukosea. Swali linalofaa ni lile ambalo mtoto anaweza kulikusanyia ushahidi kwa macho na mikono yake, na ambalo ubashiri wake unaweza kuonekana wazi kuwa haukuwa sahihi. Waulize wanafunzi wa gredi ya tano iwapo yai bichi litaelea au litazama katika maji ya bahari. Karibu wote watasema litaelea, kwa sababu wao wenyewe wanajua kwamba mwili huelea kwa urahisi zaidi baharini kuliko katika maji matamu. Likitumbukizwa, litazama. Lita moja ya maji ya bahari huwa na chumvi ya gramu 35 hivi, na kiasi hicho hakitoshi kulibeba yai lililotagwa karibuni. Waache waongeze chumvi kijiko baada ya kijiko, wakikoroga na kuhesabu, mpaka yai lipande lenyewe, na utaona darasa lililokuwa likisubiri kuambiwa likianza kubishana juu ya sababu. Hakikisha tu kwamba yai ni jipya, kwa kuwa yai lililokaa siku nyingi huongezeka hewa ndani na huweza kuelea hata katika maji ya kisima; ingawa mwanafunzi atakayeleta yai la namna hiyo amekuletea kipindi cha pili bila gharama.

Ubashiri uandikwe kabla ya jaribio kufanywa. Nasisitiza hivi kwa sababu watoto wengi wa hapa wamepita chuoni, yaani madrasa, tangu wakiwa wadogo, mahali ambapo usahihi wa kusoma na kuhifadhi ndio heshima yenyewe, na ni haki iwe hivyo. Umakini wanaoupata huko ni mtaji mkubwa kwa mwalimu wa sayansi, na mgeni asiudharau. Lakini mtoto huyo huyo huja shuleni akiamini kwamba kila swali la mwalimu lina jibu moja na kwamba kukosea ni aibu, kwa hiyo huona heri kunyamaza. Mpe kipande cha karatasi aandike anachodhani pasipo jina, zikusanye karatasi, kisha hesabu ubaoni ni wangapi wanaosema hivi na wangapi wanaosema vile. Ukishauliza swali, nyamaza kwa muda ambao wewe mwenyewe utauona mrefu.

Kuna na suala la lugha. Kuanzia gredi ya nne sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, na mtoto ambaye angebishana vizuri kwa Kiamu, lahaja ya Kiswahili ya hapa, hutafuta maneno mpaka hoja imtoke kichwani. Mimi huruhusu vikundi vijadiliane kwa lugha vinavyoiweza, na Kiingereza huja wakati wa kuandika matokeo. Wapo wasiokubaliana na utaratibu huu, nami naelewa hofu yao ya mtihani, ila sijaona mtoto akifikiri vyema zaidi kwa kuzuiwa kusema.

Baada ya masomo mafupi ya aina ya yai, jaribu uchunguzi mrefu, na kwa hili Lamu ina neema ambayo shule za bara hazina. Boti nyingi za kwenda Pate na Faza hupita mlango wa Mkanda, ambao kwa miaka mingi haukupitika vizuri mpaka maji yajae, ndiyo maana saa ya safari ilikuwa ikibadilika kila siku. Uliza: kwa nini boti iliyoondoka siku moja saa nane mchana, kesho yake iliondoka karibu saa tisa? Wako watakaosema nahodha alichelewa, na wako watakaosema ni upepo. Usikanushe. Waulize wale wa upepo: kama ni hivyo, siku ya shwari tungetarajia kuona nini? Kisha wape kazi. Kikundi kimoja kiweke alama za kila sentimita 10 kwenye mti uliosimikwa mahali salama, na wanaoishi karibu na maji, wakiwa na mtu mzima, waandike saa ya maji kujaa na kimo chake, pamoja na tarehe ya mwezi mwandamo, ambayo wengi wao huijua kuliko mwalimu.

Majuma mawili yakipita, jedwali husema lenyewe. Saa ya kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku. Kimo hukua karibu na mwezi kuandama na karibu na mwezi mpevu, nayo ndiyo bamvua waliyoisikia kwa wavuvi, kisha hupungua katikati, yakawa maji mafu. Hayo wameyagundua wao. Watake wabashiri saa ya maji kujaa Jumatatu ijayo, kisha waende wakahakikishe.

Hapa ndipo walimu wengi huvuka mpaka kwa nia njema. Jedwali hilo, hata likijazwa mwaka mzima, halitamwonyesha mtoto nguvu ya mvutano. Kwamba mwezi unaivuta bahari, kwamba nao unaizunguka dunia na hivyo dunia huhitaji kama dakika 50 zaidi kila siku ili kuirudisha Lamu chini yake, na kwamba bamvua hutokea kwa kuwa jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja, ni mambo ya kuelezwa na mwalimu kwa lugha iliyo wazi. Tofauti iko katika wakati wa kuyaeleza. Yakitangulia, huhifadhiwa kama maneno matupu. Yakija baada ya jedwali, hujibu jambo ambalo limekwisha kuwasumbua.

Jerome Bruner, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani aliyeutetea sana ugunduzi darasani katika makala yake ya mwaka 1961, mwenyewe alikiri kwamba ugunduzi huijia akili iliyoandaliwa. Watafiti wengine, Richard Mayer mwaka 2004, kisha Kirschner, Sweller na Clark mwaka 2006, walionyesha kwamba mwanafunzi mchanga akiachwa bila mwongozo hulemewa na mambo mengi kwa pamoja na kutoka na kidogo. Nakubaliana nao. Katika ngazi nne za uchunguzi zilizoelezwa na Banchi na Bell mwaka 2008, yaani wa kuthibitisha, uliopangwa, ulioongozwa na ulio huru, anza na ule wa pili: swali na njia vitoke kwako, matokeo na maelezo yatoke kwao. Ule ulio huru hauna haraka.

Kuhusu muda, kipindi cha dakika 35 hakitoshi ubashiri, jaribio na mjadala, kwa hiyo omba vipindi viwili vilivyofuatana au acha mjadala uwe wa kesho. Darasa likiwa kubwa, vikundi visizidi watoto watano, na kila mmoja apewe kazi inayojulikana. Hakuna kwenda ufukoni wala kwenye mikoko bila idhini ya mwalimu mkuu na ya wazazi, na wakati wa kwenda ni maji yakipwa, wala si yanapojaa.

Hatimaye, mwalike nahodha mzee darasani, lakini baada ya jedwali kukamilika. Nenda kwake mapema kwa adabu inayomstahiki, umweleze kwamba watoto ndio watakaouliza na kwamba unamwomba asiwape hotuba. Maswali yaandikwe na wanafunzi siku moja kabla, nawe uyasome usiku huo, kwa sababu baadhi yake yatakuwa yakimhoji mzee kwa ukali ambao watoto hawakuukusudia, na ni afadhali kuyalainisha maneno kabla hajaketi.